Soksi ya Mkono wa Kulia

Anse Dorsin, Louisiana
12 Januari 1958

Baba Verlie,

Huku tuko wazima, isipokuwa Nita anaota meno na mimi naota usingizi. Naandika juu ya meza ya jikoni. Ozan yuko chini yake, ananifunga kamba za viatu kwenye mguu wa meza, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue amevuta.

Jana ilikuwa zamu ya Mjomba Valsin kuchinja nguruwe. Tangu uende Texas sikuwa nimekwenda mahali penye watu wote namna ile. Nilikaa na wanawake tukijaza soseji za wali, mikono imejaa maini na pilipili, na mke wa Mjomba, Mama Odile, akaniuliza mbele ya kila mtu: "Téo bado yuko huko? Au Texas imemmeza mzimamzima?" Wakacheka. Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani kile kicheko kilikuwa bado usoni, sina pa kukiweka.

Walipogawa nyama, Mjomba alitupimia fungu la watu watano. Sikumsahihisha. Nyama yako nimeitia chumvi, iko kwenye mtungi.

Ulisema Krismasi. Krismasi imepita, na barua yako ya mwisho ni ya mwanzo wa Desemba. Sikugombezi. Nakwambia tu kwamba usiku wa Krismasi Verlie aliacha soksi yako ya zawadi karibu na yake kwenye jiko, nami nikalazimika kutia chungwa kwenye zote mbili ili asiulize.

Mardi Gras, mkesha wa Kwaresima, ni tarehe kumi na nane mwezi ujao. Miaka yote ukiwa juu ya gari la nyumbu na akodiani yako, mimi nikimjibu kapteni getini nilijua unanisikia. Mwaka huu Alphée ndiye atakayewapigia. Mjomba Valsin akija na bendera yake nyeupe kuuliza kama wapanda farasi wake waingie uani kuomba kuku wa mchuzi wa gumbo, sijui kama nitakuwa na moyo wa kusema karibuni. Uwanja hauna mwanamume, na mke aliyeachwa peke yake atawachezea nini watu wenye vinyago?

Njoo uwapigie wewe. Siku mbili tu zinatosha.

Mkeo,
Azéma

*

Port Arthur, Texas
21 Januari 1958

Mke wangu Zema,

Usishtuke kwa mwandiko. Anayeandika ni Clébert Ledet, tunalala chumba kimoja, ni mtu wa kwetu, wa upande wa Mallet. Yeye alifika darasa la nane na ana kalamu nzuri. Zamu zimekuwa ndefu, nikirudi vidole havishiki kitu.

Mimi mzima. Hapa mvua. Wali wa huku wanaupika maji maji, ukiutia kwenye sahani unakimbia. Jumapili kuna watu wa kwetu nyumba ya tatu wanacheza dansi, wana akodiani na bati la kufulia wanalolikwaruza. Tunakaa kwenye ngazi tunasikiliza. Siendi ndani.

Mardi Gras sitaweza. Usinisubiri.

Jambo lingine. Akodiani iliyo juu ya kabati, mpe Alphée. Chombo kisipopigwa kinakauka ngozi, kinaanza kuvuja pumzi. Mpe tu, sitaki kitu kwake. Mwambie avute taratibu upande wa chini, una kidonda.

Wabusu watoto. Nita ana meno mangapi?

Mumeo,
Théogène

*

Anse Dorsin
27 Januari 1958

Téo,

Mawili juu, moja chini, na lile la chini ameshalijaribu kwenye bega langu.

Clébert, kama unamsomea, na najua unamsomea, habari yako? Nashukuru kwa mwandiko safi. Sasa ziba macho, nina maneno na mume wangu.

Téo, mimi nitakuandikiaje mambo ya chumbani kwetu wakati kuna mtu wa Mallet amekaa katikati ya kitanda na kalamu? Miezi mitatu ulikuwa unaandika mwenyewe, mistari minne, herufi zako kubwa kubwa kama ng'ombe waliotawanyika, na nilikuwa nafurahi. Zamu ndefu haikuanza leo. Ulivuna mpunga tangu alfajiri mpaka kiza na bado ukapiga akodiani mpaka watu wakaomba waende nyumbani.

Na hiyo akodiani. Baba yako aliinunua kwa ng'ombe mzima. Unaniambia nimpe Alphée, ambaye kiti tu akikikalia kinaomba msaada? Sijampa. Iko pale pale. Mtu anayegawa kitu chake apendacho, ama anakufa ama ana maisha mengine mahali pengine. Unakufa? Kama hufi, basi sema. Kama kuna mwanamke huko, sema jina lake, mimi si mtoto. Nitalia siku mbili, halafu nitafua nguo kama kawaida.

Nakuuliza kwa kuwa kuna jambo lenye tarehe. Mwenye shamba alipita Ijumaa. Anataka kujua kama mwaka huu tunalima mpunga wake au hatulimi, na nyumba inakwenda na shamba, unajua. Amenipa mpaka tarehe moja Machi. Alisema, "Azéma, sina neno na wewe, lakini jembe halishikwi kwa barua." Dada yangu Ottilie naye ameandika kutoka Lake Charles. Kuna familia inataka mpishi, na kuna chumba nyuma ya jiko cha mimi na watoto. Nikienda huko, Téo, sitarudi. Najijua. Nikishafunga mlango siwezi kuufungua mara mbili.

Kwa hiyo ni tarehe moja Machi. Uwe hapa, au sisi tuwe kule.

Verlie amepigishwa magoti shuleni kwa kusema maneno ya kwetu badala ya Kiingereza. Alimwomba mwenzake chumvi. Nilimpaka mafuta ya nguruwe magotini, akaniuliza, "Baba naye anapigishwa magoti Texas?" Nikasema hapana. Sikujua naongopa au la.

Azéma

*

Port Arthur
3 Februari 1958

Mjomba Valsin,

Shikamoo. Anayeandika ni Clébert, mimi nasema tu, na hili ni la mwanamume kwa mwanamume.

Tarehe tisa Desemba bomba la chuma liliteleza likanikuta nimeweka mkono vibaya. Hakuna wa kulaumiwa, nilikuwa nawaza nyumbani. Wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati vimekwenda, na cha pete kimebaki nusu. Kidonda kimefunga lakini kinatoa maji. Sasa nafagia ua.

Mjomba, wewe unajua akodiani. Kulia ndiko kunakosema, kushoto kunaitikia tu. Nimebaki na kuitikia.

Zema hajui. Anadhani nina mwanamke. Nimesomewa barua yake mara tatu, na mara zote tatu nimesema nitajibu kesho. Ningekuwa na mwanamke ingekuwa rahisi kusema. Nikifikiria kukaa benchi la wazee nikimtazama Alphée juu ya gari langu, na watu wakija kuniambia pole, na Zema akinikatia nyama kwenye sahani, naona heri wakae na picha yao ya zamani.

Lakini nataka kuwaona. Nita aliachwa hana jino, sasa anauma watu. Niazime nguo za Mardi Gras na kinyago cha waya. Nitakuja Jumatatu kwa basi la upande wa pili, nilale kwako. Nitapanda farasi katikati ya watu wako, nitaingia uani kwangu nikiwa sina uso, nitawatazama, nitaondoka jioni. Mwaka huu wapanda farasi ni wengi, nani atanijua?

Usimwambie.

Mwanao,
Téo

*

Anse Dorsin
8 Februari 1958

Téo mwanangu,

Marahaba. Mimi kusoma siwezi, Odile ndiye amenisomea na ndiye anaandika, kwa hiyo siri yako sasa ina watu wanne ukimtia na huyo Clébert. Odile anasema yeye si mtu wa kusambaza maneno. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Pole kwa mkono. Nimesema mara moja, sitasema tena.

Farasi nitakupa yule mzee, haumi wala haogopi bendera. Nguo nitakupa za marehemu kaka yangu, zitakuwa fupi. Lakini mimi ni kapteni, na masharti yangu hayana mjomba wala mpwa. Mtu wa Mardi Gras hashuki mpaka mwenye nyumba akubali. Hanywi mpaka nimmiminie. Hamwiti mwenzake jina, na hakuna anayevua kinyago mpaka nipige filimbi jioni kwenye gumbo, watu wote wakiwa mezani. Ukivua kabla, mjeledi ninao. Ukiondoka kabla ya filimbi, hapo sina mjeledi, lakini nitajua nimempandisha mtu asiyemaliza mbio.

Na sharti la mwisho. Azéma akiniuliza, nitamjibu. Wanawake wa hapa wananifungulia mageti kwa kuwa nikisema watu wangu hawatavunja kitu, hawavunji kitu. Siwezi kuwa mkweli getini na mwongo jikoni.

Kama unaniuliza, unakosea. Hukuniuliza.

Valsin

(Mimi Odile naongeza: mpumbavu wewe. Njoo ule.)

*

Anse Dorsin
15 Februari 1958

Téo,

Wiki tatu sasa, hakuna barua. Mleta barua ameanza kunipungia mkono akiwa bado mbali ili nisijisumbue kutoka.

Nimemwandikia Ottilie kwamba ninafikiri. Nimefungasha sufuria mbili, halafu nimezitoa maana tulihitaji kupika.

Jumanne nitawapokea wapanda farasi. Nimeona watoto hawana kosa. Nimetenga kuku mmoja mwenye madoa, mkali, atawasumbua.

A.

*

Anse Dorsin
20 Februari 1958

Téo,

Nitakuhadithia Mardi Gras ilivyofika hapa, ingawa ulikuwepo.

Ilikuwa baada ya saa sita. Ilinyesha asubuhi, uwanja ukawa tope. Mjomba Valsin akaja getini peke yake na bendera, akavua kofia. "Mama wa nyumba, unawapokea Mardi Gras?" Nikamuuliza, "Wana adabu?" Akasema, "Hawana. Nina mjeledi." Nikasema waingie. Aliniangalia kidogo kabla ya kuinua bendera, nami nikadhani ananihurumia kwa kuwa niko peke yangu.

Wakaja mbio, wakashuka, wakaangusha magoti kwenye tope mbele ya baraza, matambara yao ya rangi yakining'inia, kila mmoja akigonga kiganja kwa kidole, wanaomba. Ozan aliingia chini ya kitanda. Nita alinishika shingo akilia mpaka nikakohoa. Verlie alibaki barazani, mikono kiunoni, anawahesabu. Aliniambia baadaye walikuwa ishirini na watatu, na mmoja hakugonga kiganja. Alinyoosha kiganja cha kushoto tu, kimekaa, kama mtu anayepima mvua.

Mimi sikuona hilo. Nilikuwa namshika kuku.

Nilipomrusha, alikimbilia upande wa kisima, na wote wakamfuata wakianguka. Mmoja mwenye nguo zinazoishia juu ya kifundo akawa wa kwanza kumfikia. Alimpata. Nilimwona kabisa amempata, kisha kuku akachomoka upande wa kulia kana kwamba hapakuwa na mkono. Unakumbuka walivyosema: "Wee, kuku kakukataa, mpelekee posa." Na yule mwingine: "Mwacheni, amevaa soksi mkononi, anaona baridi bibi yetu." Nilicheka. Hapo nilikuwa sijajua. Kwa kicheko hicho naomba radhi. Kwa vingine vyote siombi.

Wenzako wakaendelea na kuku. Wewe hukuendelea. Ulirudi ukapanda baraza bila kuangalia mtu, ukaenda moja kwa moja kwenye kona ile inayovuja, ukainua uso ndani ya kinyago, ukatazama bati. Ukalisukuma kwa kushoto kuona kama misumari bado imeshika. Téo, hakuna mlevi anayekagua bati langu.

Nikakaa kwenye debe la mahindi, Nita mapajani. Ukageuka ukamwona. Wengine wakiona mtoto wanamtisha, wanamtekenya, ndiyo kazi yao. Wewe uliweka mikono yote nyuma. Mlitazamana wewe na yeye, na kwa kuwa nyuma ya ule waya hapaonekani uso, sijui yeye aliona nini. Aliacha kulia.

Kisha Alphée akaanza ile valsi ya polepole, na desturi ikawa desturi, wakacheza nami mmoja mmoja. Ulikuja wa mwisho. Ulinishika kiunoni kwa kushoto, ule mwingine ukauweka mgongoni mwako. Upepo ulipopita niliona soksi ilivyolala bapa pale ambapo vidole vilipaswa kuwa. Ulinukia dawa ya kidonda na sabuni nisiyoijua. Na ulikanyaga mguu wangu pale pale unapoukanyaga siku zote, maana wewe kupiga unajua, kucheza hujui.

Wiki tatu nimelala na mwanamke wa Port Arthur kichwani. Nilikuwa nimeshamvisha gauni, nimempa na jina. Kumbe ni vidole. Sikujua nikukumbatie au nikupige na mwiko.

Nikasema nini? Nikasema, "Kofia yako imepinda." Basi. Hicho ndicho nilichopata.

Hapo ndipo nilipokosea, na nakiri. Nililelewa kwamba Mardi Gras haitwi jina, na mwanamke atakayemvua mtu kinyago uani kwake, mwaka unaofuata kapteni anapita getini kwake bila kusimama. Mama alinifundisha hivyo, na nyanya alimfundisha yeye. Nilikuwa nimelishika jina lako kwenye meno. Nikajiambia, Azéma, ni saa chache tu, mwachie heshima yake, jioni kwenye gumbo filimbi italia na atavua mwenyewe mbele ya watu, ndivyo alivyopanga. Nilidhani umekuja kuvua. Haikunijia kwamba mtu anaweza kuja mbali hivyo ili asionekane.

Mlipoondoka niliwaogesha watoto, nikawavalisha za kanisani, tukatembea mpaka kwa Mjomba. Nilimsaidia Mama Odile kukoroga. Alikuwa amekaanga unga mpaka ukawa mweusi kama kahawa, kuku kumi na saba wameingia, yule mwenye madoa akiwa mmojawapo. Odile hakunitazama machoni jioni nzima, na nikadhani ni haya ya furaha, kwamba naye anajua na anangoja. Nilikutengea bakuli. Nikatia bawa na firigisi mbili, nikaliweka kwenye benchi kati yangu na Verlie.

Jua likazama. Mjomba akapiga filimbi. Vinyago vikavuliwa, watu wakacheka kuonana jasho. Nikahesabu nyuso. Nikahesabu tena. Verlie akasema, "Mama, ni ishirini na wawili."

Mjomba akaja akakaa pale ulipopaswa kukaa wewe. Akasema, "Amekwenda na basi la jioni. Usiponiuliza, sitasema zaidi." Nikamuuliza. Akanijibu, bomba, Desemba, ufagio, benchi la wazee, yote, mikono yake ikiwa magotini na watu wakiimba nyuma yetu. Alipomaliza akasema, "Nilipaswa kumfunga kwenye gari." Nikamwambia nami pia.

Gumbo yako ilipoa mpaka ikafanya ngozi ya mafuta juu. Nikaila mimi. Kwaresima ilikuwa mlangoni na nyama haitupwi.

Sasa sikiliza, na Clébert asome polepole.

Sikuolewa na akodiani. Ulipokuja kwetu mara ya kwanza uliomba maji, mikono yako ilikuwa na matope ya shamba, hukuwa na chombo chochote. Watu watakwambia pole, ndiyo. Watasema kwa wiki mbili, halafu watakuuliza kama una mbegu ya kuazima. Benchi la wazee utakaa kama kuna nafasi. Nyama sitakukatia. Utaikata mwenyewe kwa kushoto, ikiruka sahanini Ozan ataokota. Jembe la ng'ombe linashikwa kwa viganja, na viganja unavyo viwili.

Kama unaona fedheha, ione hapa hapa nyumbani. Mimi nimeionea hapa tangu Krismasi, kila mtu akiniuliza uko wapi, na hakuna aliyeniazima kinyago.

Tarehe moja Machi haijasogea. Ni Jumamosi. Ukija, njoo na uso wako, mchana, kwa njia ya mbele. Usipokuja, Jumatatu nakwenda Lake Charles, na watoto nitawaambia ukweli: baba yenu alikuja, akawatazama, akaondoka. Sitawaambia umekufa na sitawaambia una zamu.

Siku ile sikukuita jina kwa kuwa nilikuheshimu. Nisingekuheshimu ungekuwa umelala kwako.

Azéma

*

Port Arthur
25 Februari 1958

Zema,

Clébert anaandika, ameisoma polepole kama ulivyosema, na aliposoma habari ya bakuli akaomba tupumzike.

Mimi sikujua umenijua. Ulivyosema kofia imepinda nilidhani unamwambia mtu yeyote. Ndani ya basi nilikaa kiti cha nyuma na kinyago mfukoni, nikasema, haya, umefaulu. Sijawahi kufaulu jambo likaniuma hivyo.

Nimewaambia hapa kazini kwamba naondoka. Basi la Jumamosi linafika njia panda saa tisa mchana. Usije na watoto, nataka kutembea ile maili moja peke yangu, nizoee. Mwambie mwenye shamba tunalima.

Bati la baraza linataka misumari mitano.

Naomba jambo moja. Mwambie Verlie habari ya mkono kabla sijafika, ili asishtuke. Mwambie ni vidole viwili na nusu. Mwambie hauumi. Unauma, hasa ikinyesha, lakini wewe mwambie hauumi.

Téo

*

Anse Dorsin
28 Februari 1958

Téo,

Barua hii haitakukuta, mleta barua hapiti mpaka Jumatatu na kesho uko njiani. Barua yako ilifika jana mchana.

Mwenye shamba nimemwambia. Ottilie nimemwandikia, atanuna mpaka Pasaka. Misumari nimenunua.

Ila Verlie sitamwambia kwamba hauumi. Ana miaka sita na anajua kuhesabu. Ameshapanga maswali yake, amenisomea mimi kwanza, ni manne na la tatu ni gumu. Utakaa kwenye ngazi ya baraza, utatoa mkono, utamjibu mwenyewe.

Watoto wamelala mchana, wote watatu kwa mara moja, jambo ambalo halitokei. Ningepaswa kulala nami. Nimekaa hapa na kalamu, kwa kuwa miezi mitano hii ndiyo imekuwa saa yangu ya kuzungumza nawe, na kila nilichokuwa nacho nimekitia humu. Kesho utakuwa umesimama mlangoni, na mimi sijui nitaanzaje kwa mdomo.

Azéma